Mwoga wa Kamuli na Bunduki ya Kijiji

Shemeji yangu Anastazi Kahigi alikuwa mwoga, na hapo simsengenyi. Kamuli nzima ilijua, na yeye mwenyewe hakuwahi kukana. Radi ikipiga, alikuwa wa kwanza kuingia chini ya meza, watoto wake wakimfuata. Dume la ng'ombe la kaka yake alilizungukia mbali hata likiwa limefungwa kamba. Gurudumu la baiskeli likipasuka barabarani, alimwaga chai, kisha akatoka nje kuulizia nani kafa.

Wanaume wenzake walimcheka. Mimi pia nilimcheka, maana nilikuwa nakaa kwake tangu nilipoachana na mume wangu, na ulimi huu haujui kupumzika. Dada yangu Stephania, mkewe, ndiye peke yake aliyekuwa hacheki. Alisema mume asiyejua kupiga watu ni mume wa kushukuru, na alikuwa anajua anachosema.

Mwaka wa vita, mizinga ilipoanza kuunguruma upande wa mto Kagera, kila mtu aliogopa, hilo halina ubishi. Tulihamia vibanjani, katika mashamba yetu ya migomba, tukalala chini ya migomba pamoja na watoto na mbuzi, kwa sababu wakubwa walisema nyumba inaonekana kwa adui lakini mtu aliye kati ya migomba haonekani. Vita vilipokwisha sisi wengine tulirudi ndani tukaanza kugombana kama kawaida. Anastazi aliendelea kulala amevaa viatu. Stephania alikuwa akimvua polepole, akishapitiwa na usingizi, na asubuhi akiamka anavitafuta kwanza kabla hajamtafuta mkewe.

Kitu kimoja tu duniani alikiamini moja kwa moja, nacho ni mgomba. Ulimficha, ukamtoa vitani mzima. Angeweza kukaa kutwa katika kibanja chake akipogoa majani makavu na kuimba nyimbo za kanisani, na hapo ungedhani ni mtu mwingine.

Sasa mwaka ule wa themanini na sita, tumbili na nyani walitushukia kutoka vichaka vya bondeni kwa namna ambayo hatujawahi kuona. Ndizi walizichuna zikiwa changa. Karanga walichimbua tuta zima, wanakula nusu na nusu wanaitupa, kwa dharau tu. Na kama hujui, ngoja nikwambie: nyani hamwogopi mwanamke. Mwanamume akitokea wanakimbia. Mwanamke akitokea wanamtazama, wanaendelea kula. Jirani yetu Therese Mukandekezi alijaribu kuvaa koti na kofia ya marehemu mumewe, akasimama shambani na fimbo begani. Siku ya kwanza walikimbia. Siku ya pili dume moja likamsogelea mpaka likaona sketi chini ya koti, likakaa kitako na kumenya karanga mbele yake.

Huyo Therese alikuja kwetu kutoka Rwanda akiwa mama kijana, enzi zile mwishoni mwa miaka ya hamsini, watu wa kwao walipokuwa wanakimbia. Sasa alikuwa mzee, mjane, amebaki na mjukuu mmoja wa kike aitwaye Mukakalisa. Kibanja chake na cha Anastazi vilitenganishwa na mstari wa milamula tu, ile miti ya mpaka. Karanga na mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chake, hana kingine. Nyani wakimaliza, amekwisha.

Ndipo ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wa kijiji, Placidius, alitutangazia kwamba bwana nyama wa wilaya, yule ofisa wa wanyamapori, amekubali kutupatia bunduki moja ya kulinda mashamba, ila lazima tuchague mtu mmoja wa kuishika, naye atajibu kwa kila risasi. Vijana waliopitia mgambo wakaanza kutunisha vifua. Kila mmoja alikuwa na sababu zake za ushujaa. Katika makelele hayo Therese akasimama. Alikuwa si mtu wa kusema mikutanoni, kwa hiyo watu walinyamaza.

"Mimi ninasema apewe Anastazi," alisema.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika miti.

"Chekeni," akasema Therese. "Huyu anaogopa bunduki. Mtu anayeiogopa hawezi kutugeuzia. Wale wasioogopa, mimi nimewaona kwetu."

Kicheko kikakatika. Placidius akauliza nani anaunga mkono, na mikono iliyonyooka kwanza ilikuwa ya wanawake. Nilinyoosha wangu. Nilipogeuka kumtazama shemeji, alikuwa ameshikilia ubao wa benchi kwa mikono miwili, uso umepauka, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwenye msiba.

Bwana nyama alikuwa mtu mnene aitwaye Rweyemamu, mwenye haraka. Alikuja na gari, akapanga bunduki nne juu ya meza ya ofisi ya kijiji, tukajazana madirishani. Anastazi aliitwa achague. Aliingia kwa ubavu, akiwa amejitenga na meza.

La kwanza lilikuwa gobore. Rweyemamu alieleza kwamba hilo unalishindilia baruti kwa mbele, unajaza vyuma, halafu unaomba Mungu. "Likilipuka linaweza kukung'oa bega," alisema. Anastazi alirudi nyuma. Ya pili ilikuwa bunduki ya marisau. Ile ilimwaga chembe nyingi kwa pamoja, nyani hakosi, lakini na mkungu wa ndizi ulio jirani naye unatoboka wote, na kishindo chake kinasikika mpaka ng'ambo ya bonde. Bwana nyama aliifungua na kuifunga tu, bila risasi, kwa ule mlio wa chuma kugonga chuma, na shemeji akafumba macho.

Zilizobaki zilikuwa raifo mbili ndogo, nyembamba, hata mtoto angeweza kuzibeba. Rweyemamu akamwekea risasi moja kiganjani. Ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi. "Hizi ni za tumbili, ndege na sungura," akasema. "Nyundo yake haipigi katikati ya kitako cha risasi, inagonga ukingo. Haisukumi bega. Mlio wake mdogo. Nyani mkubwa haitamwangusha akiwa mbali, ila itamfundisha adabu."

"Mlio mdogo kiasi gani?" Anastazi aliuliza. Ndilo swali pekee aliloliuliza kwa sauti.

"Hata mama watoto hataamka."

Zile mbili zilitofautiana kitu kimoja. Moja ilikuwa na magazini, unafyatua mara kadhaa bila kupakia upya. Nyingine ilipokea risasi moja, unaitia kwa mkono, unafunga komeo, unafyatua, unafungua tena. Vijana wa mgambo walipiga kelele madirishani kwamba achukue ya magazini. Kundi la nyani litakungoja utafute risasi mfukoni? Anastazi alizitazama zote mbili kwa muda, midomo inamcheza.

"Hii ya moja moja," akasema. "Nikikosea, nikosee mara moja tu."

Rweyemamu alimpiga bega kwa kuridhika, akasema amechagua kwa akili. Akamwonyesha kulenga. Akamwambia ajizoeze nyumbani kwanza mpaka mkono utulie, na akamkanya kwamba risasi ile ni ndogo lakini inasafiri mbali, kwa hiyo nyuma ya shabaha lazima pawe na kitu cha kuizuia. Anastazi aliitikia ndiyo, ndiyo, kila neno. Mimi nilikuwepo, nilisikia, na wala sikuona tatizo.

Siku zile bunduki ilipoingia nyumbani, nyumba ilibadilika. Aliiweka juu ya dari, kisha akaogopa itaanguka. Akaiweka chini ya kitanda, Stephania akakataa kulala juu yake. Risasi alizifukia kwenye kopo ndani ya ghala la maharage. Watoto walikatazwa kukimbia ndani ya nyumba. Tulikuwa tunaongea kwa sauti ya chini kana kwamba kile kitu kinasikia. Mimi niliyemcheka maisha yote nilijikuta napita mbali na mlango wa chumba chao, na sikupenda kujiona hivyo.

Na nyani wakaendelea. Therese alikuja akasimama mpakani, akauliza kwa upole kama Anastazi amekwishazoea. Tuta lake la mwisho la karanga walikuwa wamelifikia nusu. Shemeji aliona haya. Kesho yake, tulipomaliza uji wa asubuhi, akasema leo ndiyo leo.

Sijapata kuona mtu akijiandaa hivyo kwa risasi moja. Alifunga mbuzi. Alifungia kuku. Akatupeleka sote nyuma ya nyumba, Stephania na watoto na mimi, akatuhesabu, akarudi akatuhesabu tena. Halafu akaingia kibanjani akachagua mgomba mnene kuliko yote, uliokwisha kutoa mkungu, akachora msalaba wa mkaa kwenye shina.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini mgomba. Sisi hatukuuliza. Wanaume wa kwetu wote walijifunzia mkuki kwenye mgomba. Mishale iliganda humo. Gobore la marehemu baba yake, lililojazwa vipande vya misumari, liliwahi kupigwa kwenye shina mbele ya watu na hakuna kilichotokea upande wa pili. Anastazi alituhesabu sisi mara mbili kwa woga, lakini nyuma ya lile shina hakumhesabu mtu, maana kwake shina ndilo lilikuwa ukuta wa dunia.

Nilichungulia kwenye kona ya nyumba. Mtutu ulichora duara hewani. Alikariri Baba Yetu nusu. Kisha, pa. Ilikuwa ndogo, kama mtu amevunja kijiti cha kuni gotini.

Alibaki amesimama. Halafu akageuka, na usoni alikuwa na tabasamu ambalo sijaliona kwake tena. "Joviana!" aliniita. "Ndiyo hii tu? Ndiyo hii tu jamani?"

Tulikwenda pamoja kuangalia shina. Kwenye mkono wa ule msalaba kulikuwa na kitobo kidogo, maji yanadondoka. Aliingiza ncha ya kidole akacheka. Akazunguka nyuma ya mgomba, akiwa bado anacheka, na kicheko kikaisha ghafla. Nikazunguka na mimi. Kule nyuma kulikuwa na tundu jingine, kubwa zaidi, nyuzi zake zimechomozea nje. Mbele yetu, kupitia majani, ilionekana milamula ya mpaka, na baada ya milamula, paa la Therese.

Saa kama zile kule kwake hakukosi sauti. Atakuwa anatwanga, au anaimba kwa Kinyarwanda, au anamgombeza mjukuu. Tulisikiliza. Hakukuwa na kitu.

"Mama Therese!" aliita Anastazi.

Kimya. Akaanza kukimbia, mimi nyuma yake, majani yakitupiga usoni. Nilikuwa nasema moyoni, si mtoto, Mungu wangu, si mtoto, halafu naona aibu kwamba maana yake ni bora mzee.

Uani kwake kigoda kilikuwa kimelala ubavu. Kisu kilikuwa chini, na ndizi iliyomenywa nusu. Ndala moja ya mtoto. Kando ya mlango mtungi wa maji ulikuwa umepasuka vipande, na ardhi yetu nyekundu ikilowa unajua inavyokuwa. Anastazi alipiga magoti pale kwenye ule wekundu, akachota tope kwa mkono akalinusa, akanigeuzia macho.

"Maji," nilimwambia. "Ni maji ya mtungi. Simama."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mchana kweupe, kwetu, nani hufunga mlango? Ukifungwa mchana kuna maiti au kuna ugomvi. Anastazi akaugonga kwa nguvu, gu, gu, gu, kwa kile alichokuwa nacho mkononi.

"Therese! Ni mimi, Anastazi! Fungua!"

Hakujibiwa. Nikabandika sikio kwenye mbao. Nikasikia mnong'ono wa haraka, kisha sauti ya mtoto inayoanza kulia na kukatwa katikati, kama mtu amezibwa mdomo kwa kiganja.

"Wako hai," nikasema. "Wote wawili. Wako hai."

Shemeji alilia kwa furaha, machozi yanamwagika kabisa, na akaugonga mlango upya kwa nguvu zaidi. "Mukandekezi! Mukakalisa! Fungueni, najua mko ndani! Nimewasikia!"

Ningemzuia kama ningekuwa na akili. Sikuwa nayo. Nilikuwa nashukuru Mungu, sikusikia maneno yalivyokuwa.

Komeo liliondolewa polepole. Mlango ukafunguka kidogo, kisha wote. Therese alitoka na mikono miwili imeinuliwa mbele, viganja wazi, tuone hana kitu. Mjukuu alikuwa nyuma yake ameshika sketi. Hakumtazama Anastazi usoni. Macho yake yalikuwa kwenye bunduki, na hapo ndipo mimi pia nilipoiona, kwamba muda wote huo tumekimbia nayo, tumeita nayo, tumegonga mlango kwa kitako chake.

Yule mama alipiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo, afande," alisema.

Alikuwa rika la marehemu mama yake Anastazi. Alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, wakati mama yake yuko shambani. Tangu ajue kusema, yeye ndiye aliyekuwa akiinamisha kichwa kumwamkia, na mama anaitikia huku akiendelea na kazi. Sasa mama alikuwa chini, anangoja aitikiwe, na midomo yake ilikuwa inatetemeka vile vile kama ya shemeji yangu siku ya kuchagua.

Angemwitikiaje marahaba?

"Anastazi," nikasema taratibu, "weka hicho kitu chini."

Aliutazama mkono wake kama si wake. Akainama akakilaza pale kwenye maji, akarudi nyumanyuma, hatua kwa hatua, mpaka akapita milamula bila kugeuza mgongo. Mimi nilimwinua mama nikamwingiza ndani. Nilimweleza yote, mgomba, shabaha, mtungi. Alisikiliza akaitikia kwa kichwa. Alielewa vizuri.

"Nilijua sauti yake," akaniambia mwishoni. "Nilijua ni yeye. Ndiyo maana sikufungua, binti yangu. Na kule kwetu waliokuja kutuita walikuwa majirani. Walitujua majina."

Mimi, ambaye sikosi la kusema, nilikwenda kukoka moto.

Siku hiyo hiyo Anastazi alirudisha raifo ofisini na kopo lake la risasi. Placidius alimuuliza kama ina kasoro. Akajibu haina. Vijana walicheka kweli kweli wakasema tulijua, mwoga ni mwoga, na mmoja wao akapewa. Shemeji hakujitetea. Alikwenda sokoni akamnunulia Therese mtungi mpya, na Stephania ndiye aliyeupeleka kwa niaba yake. Kisha akachukua debe bovu na kipande cha chuma, akawa anashinda katika shamba la Therese tangu kunapambazuka, analigonga debe, anawapigia nyani kelele mpaka sauti inakauka. Ni mwanamume, walikimbia. Karanga zilizobaki zilivunwa.

Therese hakumnunia. Alimpelekea ndizi za kuchoma pale shambani, akamwombea kwa Mungu mbele yetu, akacheka naye kuhusu lile dume la nyani. Wala hakuna aliyelisema jambo lile tena. Lakini kila alipomwona Anastazi akija, kabla hajafikiri, mama alisimama, mikono ikaonekana, akaanza yeye: shikamoo. Kisha anajishtukia, anacheka kidogo, anakaa. Nadhani hata yeye hakupenda.

Kwa hiyo Anastazi alijifunza kumwahi. Kila asubuhi, mpaka mama yule alipofariki mwaka tisini na tatu, ungemsikia akipaza sauti angali ndani ya kibanja chake, kabla hajaonekana, kabla hajafika milamula: "Shikamoo, mama! Shikamoo!" Akiita hivyo anakaza mwendo huku amenyoosha mikono mitupu mbele. Asubuhi nyingine alimwahi. Asubuhi nyingine mama alimtangulia.